GeoGebra saiti: programu ya jiometri niliyowapa mafundi wangu

Wengi wanaoisifia GeoGebra ni walimu na wanafunzi. Mimi ni msimamizi wa ujenzi hapa Dodoma, nyumba za kawaida za vyumba vitatu vinne, na niliiweka kwenye simu kwa sababu moja: nilitaka vijana ninaowafundisha kazi waache kuniambia "mama, naona iko sawa." Jiometri ya Kidato cha Pili wote wameipitia. Ila ule uthibitisho waliokuwa wakiuandika daftarini, kilichotolewa, kinachotakiwa kuthibitishwa, hoja na sababu yake pembeni, waliuacha darasani siku walipofunga daftari. Kwangu hicho ndicho kipande cha hisabati kinachomfaa mtu kazini kuliko vyote, na programu hii imenisaidia kukirudisha.

Niieleze kwa ufupi. Ilianzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Ni ya bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara, na ukishaipakua inafanya kazi bila bando. Mimi natumia ile ya jiometri peke yake, kwenye Android. Unapata nukta, mstari, duara, mstari sambamba, mstari wa nyuzi 90, na vipimo vya urefu na pembe. Kioo cha simu ni kidogo kwa kidole cha fundi, kwa hiyo mwenye tableti au kompyuta atafanya kazi kwa raha zaidi.

Kilichonivuta ni kule kuburuta. Kijana akichora pembenne kwa jicho, inaonekana mstatili kabisa. Mwambie ashike kona moja aivute: umbo lote linakwenda upande. Sasa mwambie alijenge kwa masharti, mstari huu uwe sambamba na ule, huu uukate ule kwa nyuzi 90. Ataburuta mpaka achoke na litabaki mstatili, dogo au kubwa. Anaiona kwa macho yake tofauti kati ya kitu kilichotokea kuwa hivyo na kitu ambacho hakina budi kuwa hivyo. Nimewahi kuieleza tofauti hiyo kwa maneno mengi, na haikuingia kama inavyoingia kwa kidole kimoja juu ya kioo.

Tuje kwenye msingi, maana hapa ndipo nimeitumia zaidi. Mafundi wengi wakishaseti msingi wanapima kona kwa kona. Diagonali zikilingana, wanasema skwea imekubali, yaani kona zote ni nyuzi 90, chimba. Hiyo peke yake haitoshi. Jenga kwenye GeoGebra pembenne yenye mbele mita 10, nyuma mita 9.6 iliyo sambamba na mbele, na ubavu wa kushoto sawa na wa kulia. Pima diagonali zake: zinalingana. Vuta ule upande wa nyuma uufupishe hadi mita 7 huku ukibaki sambamba na mbele na mbavu zikibaki sawa: bado zinalingana. Na hakuna hata kona moja yenye nyuzi 90. Vijana walipoiona mara ya kwanza walibishana karibu mapumziko yote ya chai, na nikawaacha wabishane.

Kinachokosekana ni pande. Ukipima kwanza kwamba mbele ni sawa na nyuma, na kushoto ni sawa na kulia, halafu diagonali nazo zikalingana, hapo ndipo msingi hauna pa kukimbilia. Kwa nini? Hapo nawaambia waweke simu chini, washike kalamu. Kona ziite A, B, C, D kwa kuzunguka. Pembetatu ABC na pembetatu DCB: AB ni sawa na DC, tumepima. BC ni ya wote wawili. AC ni sawa na DB, tumepima. Pande tatu kwa pande tatu, basi pembetatu hizo zinalingana, na pembe ya B ni sawa na pembe ya C. Tena, kwa kuwa pande zinazokabiliana ni sawa, AB na DC ni sambamba, kwa hiyo pembe ya B na ya C zikijumlishwa ni nyuzi 180. Pembe mbili zilizo sawa, jumla yake 180, kila moja ni 90. Kona mbili zilizobaki zinafuata kwa njia ileile. Mistari michache tu, na kila mstari una sababu yake. Fundi aliyeuandika kwa mkono wake hasahau tena kupima pande, kwa sababu anajua ni mstari upi wa hoja unaoanguka asipozipima.

Vivyo hivyo na tatu-nne-tano. Unapima 3 upande mmoja wa kona, 4 upande wa pili, na kamba ya kuunganisha ncha hizo ikiwa 5, kona ni skwea. Kila fundi anaijua, na wakiulizwa wanajibu ni Pythagoras. Pythagoras anasema kona ikiwa nyuzi 90, basi 9 (3 mara 3) na 16 (4 mara 4) zinatoa 25 (5 mara 5). Lakini sisi saiti hatuna hiyo kona, ndiyo tunayoitafuta! Tunachotumia ni sentensi iliyogeuzwa: vipimo vikiwa hivyo, basi kona ni nyuzi 90. Hizo ni sentensi mbili, na kila moja inadai uthibitisho wake. Kitabu cha kwanza cha Euclid, yule Mgiriki wa kale aliyeandika jiometri kwa uthibitisho, kinafungwa na hoja hizo mbili zikifuatana, ya 47 na ya 48, na kamba yetu inategemea ile ya 48. Kwenye programu hili linapendeza. Jenga pembetatu ya 3, 4 na 5, soma pembe: 90. Badilisha 5 iwe 5.02, pembe inakuwa karibu nyuzi 90.5. Nusu nyuzi inaonekana si kitu, ila kwenye ukuta wa mita 12 mwisho wake unakuwa umetoka mahali pake kwa sentimita 10. Vijana wakishaiona hiyo, tepu inavutwa vizuri bila mimi kupiga kelele. Tena wanatumia 6, 8 na 10 pale penye nafasi.

Katika kugeuza sentensi, wahitaji ni wengi kuliko mafundi. Mdogo wangu ni nesi, na tulizungumza hili jioni moja nikimwonyesha programu. Mwenye malaria hupata homa. Je, mwenye homa ana malaria? Sentensi ya pili haitoki kwenye ya kwanza, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kile kipimo cha tone la damu kidoleni ndicho mstari uliokuwa unakosekana katika hoja. Fundi wa magari naye yumo humohumo: betri ikifa gari haliwaki, lakini gari lisilowaka halijathibitisha kwamba betri imekufa, na mteja aliyenunua betri mpya bila kupimiwa ile ya zamani ndiye anayelipia hoja iliyogeuzwa.

Sasa upungufu, na hapa naomba nisomwe vizuri. GeoGebra inaonyesha, kuthibitisha ni kazi nyingine. Inapoandika pembe ni 90, imekadiria kwa desimali ulizoiwekea, na unaweza kuziongeza kwenye mipangilio. Ukiburuta mara nyingi na umbo likakubali kila mara, umepata sababu nzuri ya kuamini, ila bado hujapata kwa nini. Toleo kubwa, GeoGebra Classic, lina kitufe kiitwacho Relation: unachagua vitu viwili, linakuambia kama ni sawa au sambamba, na ukibonyeza zaidi linaweza kukagua kama jambo hilo ni la kweli kwa jumla. Ni kazi kubwa ya kitaalamu na naiheshimu. Kwa mwanafunzi wangu naificha, kwa sababu jibu la "kweli" lisilo na mistari yake halimfundishi kitu atakachokibeba kwenda saiti nyingine.

Tena kuna aina ya hoja ambayo programu haigusi kabisa, ile ya kukubali jambo kwanza ili uone kama linajipinga. Mtunza stoo wangu ndiye anayeihitaji zaidi. Chukua mfano: daftari linasema mifuko 100 ya saruji iliingia, 30 imebaki. Tuseme ni kweli, basi 70 imetumika. Tuseme pia uwiano wetu ni tofali 30 kwa mfuko. Zilitakiwa ziwe tofali 2,100, nasi tumehesabu 1,500. Mambo hayo hayawezi kuwa kweli yote kwa pamoja. Lakini hoja haijasema ni lipi la uongo! Huenda daftari, huenda uwiano, huenda hesabu ya tofali, huenda mifuko mingine ilikwenda kwenye zege. Saiti nyingi hapo ndipo kijana anafukuzwa kazi. Mimi nataka kila dhana ikaguliwe peke yake kabla jina la mtu halijatajwa, na nataka aliyeshika daftari ajue kudai hivyo kwa ajili yake mwenyewe.

Kwa hiyo naipendekeza kwa nani? Kwa fundi kiongozi mwenye vijana chini yake, kwa mkufunzi wa ufundi, na kwa mzazi mwenye mtoto wa Kidato cha Pili anayeuliza jiometri itamsaidia nini. Anayetafuta programu ya kuchorea ramani za nyumba atafute nyingine, hii si kazi yake. Kati ya nyota tano naipa nne, na ile ya tano naiweka kwenye daftari la mistari na kalamu ambavyo lazima vikae pembeni yake. Ukiipakua, anza na ile pembenne ya mita 10 na 9.6. Mpe kijana wako aipime diagonali, muulize kama tuchimbe, kisha kaa kimya umsikilize anavyojitetea.