Foku ya klachi ya Defender: kuchomelea kibamba au kuweka nzito?

Wenye Land Rover Defender za injini ya dizeli ya 300Tdi wanaijua siku hiyo: unakanyaga klachi, pedali inazama, gia haiingii. Ukishusha giaboksi unakuta foku, mkono wa chuma unaosukuma beringi ya klachi ukikanyaga pedali, imetobolewa na kichwa cha pini ambayo foku huegemea, tundu la duara kama la keekee. Bati la foku ya asili ni jembamba palepale panapobeba nguvu yote.

Wengine hununua foku ya kawaida, wakachomelea kibamba cha chuma mgongoni mwa kikombe ambamo kichwa cha pini hukaa. Bei nafuu, ila fundi akizidisha moto foku inapinda, na beringi inasukumwa upande.

Foku nzito huja tayari imeimarishwa. Ni ghali zaidi, sawa, lakini shughuli ya kushusha giaboksi ni ileile, kwa hiyo mimi siumizi kichwa: naweka nzito. Kibamba namwachia aliyekwama porini.

Grisi haibagui foku. Tumia ya kuhimili joto, kiasi cha punje ya kunde kwenye kichwa cha pini, na utando tu kwenye bomba ambalo beringi huteleza juu yake. Ikizidi hurukia klachi pleti, nayo ianze kuteleza.