Megabaiti 106 kwa ndoo moja: uzoefu wangu na kifurushi cha tekstura za 4K

Haya nimeyaandika mara mbili nikayafuta kwa sababu hasira ilikuwa nyingi. Leo nayaacha hivyo hivyo.

Kifurushi sitakitaja jina. Ni kifurushi cha tekstura, zile picha zinazovishwa kuta, mawe, mbao na nguo ndani ya gemu. Gemu yenyewe ni ya zamani, ya biti 32, na naipenda kuliko zote nilizocheza baada yake. Maelezo ya kifurushi yaliahidi kuivisha upya yote, kuanzia milima hadi vijiko, kila kitu kwa pikseli 4096 kwa 4096. Nikakipakua usiku kucha. Asubuhi nikakiweka, nikawasha, nikaona ukuta wa kwanza wa mawe, na nakiri nilisimama pale muda mrefu bila kugusa kibodi. Kila jiwe lilikuwa na mikwaruzo yake. Kuvu ilikuwa imejikusanya kwenye nyufa za upande ambao jua haliufikii. Miaka yote hii ukuta ule ulikuwa uji wa kijivu.

Halafu nikafika langoni.

Kuna daraja, baada yake lango la mji mkuu. Ukilikaribia, mbwa wa mlinzi anabweka. Hapo ndipo gemu yangu ilipokuwa ikifia. Mbweko ule unakwama katikati, unavutwa kama mlio wa king'ora, skrini inaganda kwa sekunde mbili hivi, na gemu imeshatoweka. Hakuna ujumbe wa kosa wala maelezo yoyote, unabaki unatazama ikoni za kompyuta yako. Nikarudia. Nikapita daraja nikikimbia, nikapita nikitembea, nikapita usiku nikidhani mlinzi na mbwa wake watakuwa wamelala. Siku ile nilitolewa langoni pale mara kumi na kitu, nikaacha kuhesabu.

Nikamwandikia mtengenezaji. Kwa adabu kabisa, naomba mniamini, kwa sababu najua kazi hizi watu huzifanya bure na kwa mapenzi. Nilimshukuru kwanza, nikaeleza lango, nikaeleza mbweko, nikataja mashine yangu ina nini. Jibu likaja la mstari mmoja: kompyuta yako ni dhaifu, ongeza RAM.

Nikaongeza hiyo RAM, yaani kumbukumbu ambayo kompyuta huitumia inapofanya kazi. Kutoka gigabaiti 8 hadi 32. Nilimwamini, yeye ndiye fundi na mimi ni mchezaji tu. Nikawasha, nikavuka daraja, mbwa akabweka, mbweko ukakwama. Mahali pale pale.

Ningejua mapema ninayoyajua sasa, hata senti isingenitoka. Gemu ya biti 32 inazipa sehemu za kumbukumbu anwani kwa namba zenye biti 32, na idadi ya anwani hizo haizidi 4,294,967,296, sawa na gigabaiti 4. Zinazozidi hapo gemu haina namba ya kuziitia. Uwe na 8, uwe na 32, uwe na 128, kwake ni sawasawa. Tena hizo 4 ni kwa bahati: kwa kawaida Windows huipa programu ya namna hii 2 tu, mpaka faili la kuwashia liwe na alama ya kusema linaweza kubeba zaidi, na Windows yenyewe iwe ya biti 64. Gemu ya Skyrim ilipotoka Novemba 2011 haikuwa na alama hiyo, ikaletwa na kiraka, yaani sasisho la marekebisho, cha Desemba. Gemu nyingine, Fallout: New Vegas ya 2010, wachezaji waliitengenezea wenyewe programu ya kuiwekea. Mambo haya yanajulikana miaka na miaka. Mtu anayetengeneza tekstura za gemu hizi hawezi kuwa hayajui. Na kama hayajui, kwa nini anishauri nikanunue kitu?

Kilichonichanganya kwa muda ni kadi ya michoro. Kadi yangu ina kumbukumbu ya kutosha, na nilidhani tekstura zinakaa huko, basi. Kumbe injini nyingi, yaani programu zinazoendesha gemu, za enzi ya DirectX 9, mfumo wa Microsoft wa kuchora picha za gemu, huweka nakala ya pili ya kila tekstura ndani ya kumbukumbu ya gemu yenyewe, kwa sababu ukitoka kwenda dirisha lingine kadi inaweza kupoteza picha zake, na lazima zirudishwe kutoka mahali fulani. Kwa hiyo kila picha inabebwa mara mbili, na ule mzigo wa pili unaingia kwenye zile gigabaiti chache nilizotaja.

Na haihitaji hata kujaa. Nilifungua dirisha la kupima kumbukumbu pembeni nikalitazama nikiwa nakaribia lango: gigabaiti 2.7, 2.9, 3.0, na ikipita 3.1 kidogo tu, kimya. Nikashangaa, mbona bado kuna nafasi? Nafasi ilikuwepo ukijumlisha, ila imekatikakatika. Faili kubwa linataka mahali pamoja palipoungana. Una vyumba vitatu vyenye kona tupu, lakini mkeka wako ni mmoja na haukatwi.

Hapo ndipo nilipoamua kufungua folda na kutazama faili moja baada ya jingine. Na hapo ndipo nilipokutana na ndoo.

Ni ndoo ya mbao, iko kando ya kisima, hatua chache ndani ya lango. Huwezi kuiokota. Hakuna kazi inayokutuma kwake. Unaipita tu. Faili lake la asili lilikuwa la pikseli 512 kwa 512, halifiki kilobaiti 200. Katika kifurushi hiki ndoo ile ina picha ya rangi ya 4096 kwa 4096, iliyobanwa, megabaiti 21 na ushee. Pembeni yake kuna picha ya pili, ile ya kuonyesha mabonde na vinundu mwanga unapoipiga. Hiyo ya pili haikubanwa kabisa. Megabaiti 85. Ndoo moja imekula zaidi ya megabaiti 106!

Skrini yangu ina pikseli 1920 kwa 1080, kama milioni 2 hivi. Picha ya ndoo ina karibu milioni 17. Hata niinamie ile ndoo mpaka ijaze skrini nzima, siwezi kuona zaidi ya sehemu moja kati ya nane ya kilichopakiwa. Na pembeni yake kuna ngazi, kuna mapipa, kuna jiwe la kunolea visu, na vyote vimefanyiwa hivyo hivyo. Injini ya watu wa enzi ile, waliokuwa wakibana kila kilobaiti ili gemu iende, inabebeshwa ndoo nzito kuliko nyumba, halafu mimi ndiye naambiwa mashine yangu dhaifu. Nilipiga meza. Wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini.

Kwa hiyo kama ningeandika siku ile, hukumu ingekuwa fupi: msikipakue.

Sikuandika siku ile. Wiki moja hivi nilikaa nayo jioni baada ya jioni. Vitu vidogo vyote nikavishusha hadi 1024, kuta na ardhi hadi 2048, na kila picha ya vinundu iliyoachwa bila kubanwa nikaibana. Ile ya ndoo ilitoka megabaiti 85 ikawa moja na theluthi. Nikaongeza ENBoost, programu ya nyongeza iliyotengenezwa na Boris Vorontsov, ambayo inazihamisha tekstura kwenda kwenye programu nyingine inayokaa kando, ili gemu isizihesabu kama mzigo wake. Kwa kazi hiyo Vorontsov namshukuru kwa moyo wote. Nikavuka daraja nikiwa nimeshika pumzi. Mbwa akabweka, akamaliza kubweka. Lango likafunguka.

Jamani, ule mji! Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na mawe ya njia yalikuwa yanang'aa kila moja kwa namna yake. Mbao za milango zilikuwa na mishipa. Nikatembea mitaa yote bila kufanya kazi yoyote ya gemu. Aliyezichora zile kuta ana mkono na ana jicho, hilo sitalikana hata akinijibu vibaya mara kumi. Usiku ule nilikuwa tayari kumpa nyota zote na kumsamehe.

Lakini kadiri ninavyoendelea kucheza ndivyo linavyorudi. Saa mbili, tatu hivi, nikizunguka mbali bila kuzima, kumbukumbu inapanda polepole na hairudi chini, na mahali fulani sauti inakwama tena. Si langoni safari hii. Juzi ilikuwa mtoni, nikiwa sijahifadhi tangu mchana. Sasa kila nusu saa nahifadhi, nazima, nawasha upya. Mchezo niliokuwa nauchezea kupumzika sasa nauchezea jicho moja likiwa kwenye namba.

Na bado nasema kazi yote hii ilipaswa kufanywa na yeye. Mtu anayetaka gemu yake ipendeze asilazimike kukaa wiki nzima akibana mafaili ya mwingine. Angetoa toleo la 2048. Angebana zile picha. Au, kama hayo yote ni mengi, angeandika mstari mmoja juu ya maelezo yake: injini hii ni ya biti 32, ukiweka vyote pamoja itaanguka. Mstari huo mpaka leo haupo, nimetazama tena kabla ya kuandika. Kilichopo ni orodha ya mashine anazopendekeza, na ya kwanza kwenye orodha ni RAM nyingi. Kuna mwingine anasoma hilo sasa hivi, anatoa pesa.

Kama unayo gemu iliyotolewa upya kwa biti 64, kama Skyrim ya 2016, hadithi yako ni nyingine na pengine utafurahi tangu siku ya kwanza. Kwa injini za zamani, chukua kuta zake peke yake. Ardhi pia, ukizishusha. Vitu vidogo viache.

Jana nilirudi kisimani. Ndoo nimeirudishia faili lake la asili, la 512. Nikaiinamia, nikaizunguka, nikarudi hatua tatu ambapo mtu wa kawaida huwa anapita. Kutoka pale sikuona tofauti yoyote.