Stika za maandiko kwa daladala, saluni na duka: ipi ununue, ipi uiache

Kwa Mkristo anayetaka kazi yake ishuhudie bila kumhubiria abiria au mteja aliyekuja kwa shida nyingine, stika ni njia rahisi na ya bei ndogo. Tatizo ni kwamba nyingi hufifia au kubanduka kabla mwaka haujaisha, na karibu kila mara sababu ni ile ile: aina isiyofaa, au ubandikaji wa haraka.

Sokoni utakuta aina tatu. Zile za wachuuzi, zilizochapwa tayari zikiwa na njiwa au mikono ya sala, zibaki ndani ya nyumba. Wino wake uko juu tu. Jua likiupiga, nyekundu na njano hutangulia kufifia, na njiwa hubaki kivuli cha buluu. Za kuchapwa kwa oda ni afadhali, hasa zikipigwa laminesheni, yaani kufunikwa kwa plastiki angavu, na hazina mbadala ukitaka picha. Ila kwa nje ya gari, alama za juu zinakwenda kwa herufi zinazokatwa kwa plota, mashine ya kukata stika, kutoka kwenye roli la plastiki lenye rangi yake. Hapo hakuna wino wa kufifia, rangi imo ndani ya plastiki yenyewe.

Muulize fundi roli lake linadumu muda gani nje. La kawaida huhesabiwa mwaka 1 hadi 3, lililo bora 5 hadi 7. Punguza hesabu hiyo kwa gari linaloshinda juani Dar es Salaam, na punguza zaidi kwa boneti, kwa sababu sehemu iliyolala hupigwa na jua kuliko mlango au kioo kilichosimama.

Ukubwa: herufi ya sentimita 2.5 husomeka vizuri kwa takriban mita 3. Ukitaka dereva aliye nyuma yako asome kwa mita 8 hadi 10, usishuke chini ya sentimita 8. Maneno manne yanatosha. Mstari mzima wa Zaburi kwenye kioo cha nyuma hausomwi na mtu, na unamziba dereva.

Kuna kasoro moja ya herufi za kukata ambayo mafundi wachache huitaja. Kipande kidogo hubanduka kwanza. Kwenye «Yohana 3:16», nukta mbili za katikati ndizo zenye gundi haba kuliko zote. Zikidondoka, gari linatembea mjini na «Yohana 316». Agiza kila nukta iwe na upana wa milimita 5 au zaidi, na maneno yaandikwe kwa herufi kubwa tupu ili kusiwe na nukta za «i» na «j». Kisha soma kazi herufi kwa herufi kabla plota haijawashwa, kwa sababu stika ikishakatwa kosa halifutiki.

Kubandika: osha kwa sabuni, kausha, pangusa kwa spiriti. Gari lililopigwa polishi halishiki gundi mpaka polishi itoke. Nyunyiza maji yenye matone mawili ya sabuni ya vyombo, laza stika, isogeze hadi ikae sawa, kisha sukuma maji kwa kadi ngumu kutoka katikati kwenda pembeni. Ngoja ikamate ndipo ubandue karatasi ya juu inayoshikilia herufi, ukiikunja na kuivuta taratibu. Usifanye saa sita mchana: kwenye bati la moto gundi hunasa papo hapo, stika inavutika na mapovu hayatoki. Usilioshe gari siku hiyo.

Mahali nako kuna mambo yake. Kwenye bodaboda, epuka tangi karibu na kifuniko, maana petroli inayomwagika hula gundi ya ukingoni. Fundi cherehani abandike kwenye meza badala ya kichwa cha mashine kinachovuja oili. Mama lishe aweke mbali na jiko, kwa kuwa mvuke wa mafuta hushinda gundi yoyote. Saluni, kona ya juu ya kioo ndiyo bora, mbali na dawa za kupuliza.

Kwa duka la nafaka au bucha, stika inayostahili kuliko zote ni Mithali 11:1, ile ya mizani ya hadaa, ibandikwe upande wa mteja. Isifunike muhuri wa Wakala wa Vipimo, na isikae kwenye sahani ya kupimia, kwani huongeza uzito. Ni andiko la kuthubutu: mteja akilisoma atakuomba upime tena, na upime. Usiliagize kama hauko tayari. Vivyo hivyo konda anayepandisha nauli mvua ikinyesha akae na stika ya njiwa, au asiwe nayo kabisa.

Maandiko ya kutisha wezi au kujibu dini ya abiria tunayapa sifuri. Hayo ni ukuta, si ushuhuda.

Ukiuza gari, bandua. Pasha kwa drai ya nywele, anza na kona, vuta polepole ukiilaza stika. Gundi iliyobaki hutoka kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha sabuni. Jaribu kwanza pasipoonekana kama rangi ya gari ni ya kupigwa upya.