Waya za buji kwa moteri ya maketi ya ndege: ununue nini hapa Lushi (Lubumbashi), kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho

Bandugu, kama ushajenga maketi (ndege ndogo ya plastiki ya kujenga) ya DC-3, ile ndege ya zamani ya moteri mbili, ukaangalia moteri zake karibu karibu, utaona silinda ziko, mapezi ya kupoza yako, lakini waya hakuna hata mmoja, moteri iko uchi kabisa. Na ile ndege ya kweli moteri yake ni Pratt & Whitney R-1830, silinda 14, saba mbele na saba nyuma, kila silinda na buji (plagi za cheche) mbili, sasa hesabu mwenyewe: waya 28 kwa moteri moja, 56 kwa ndege nzima. Ukiziweka hata mtu asiyejua ndege anainama kuangalia. Watu wananiulizaka kila mara "yaya, ninunue waya gani", naandika hapa mara moja yote ile nimejaribu.

Kwanza unene, ju hapo njo watu wengi wanaharibu. Waya wa buji wa ndege za wakati ule ulikuwa umevikwa ganda la chuma lililosukwa, ili moto wa magneto (kifaa kinachotoa umeme wa cheche za buji) usiingilie redio, kwa hiyo si waya mwembamba, chukulia milimita 9 hivi. Gawa kwa kipimo cha maketi yako: kwa 1/32 (maketi ndogo mara 32 kuliko ndege ya kweli) inakuja karibu milimita 0.3, kwa 1/48 karibu 0.2, kwa 1/72 ni 0.12 hivi. Mtu akikwambia waya wa 0.5 ni mzuri kwa 1/48 jua ukiukuza kwa kipimo cha ndege ya kweli inakuwa bomba la milimita 24, ni kama bomba la maji la nyumbani! Hata ungekuwa waya wa bei gani haiwezi kupendeza.

Namba moja kwangu ni shaba ya ndani ya kebo laini ya umeme, ile ya taa ama ya redio. Najua wengine wataniuliza mbona siweki waya wa risasi (yale madini mazito ya betri) mbele kama watu wa Bulaya wanavyofanya, nitafika hapo. Sikiliza hesabu: kebo laini ya 0.75 (milimita za mraba) kwa kawaida ndani yake iko na nyuzi 24, kila uzi milimita 0.2, ndiyo kusema ukinunua metre moja tu unapata metre 24 za waya wa kipimo cha 1/48 sawasawa. DC-3 nzima haimalizi hata metre moja ya uzi. Ile ya 1.5 nyuzi zake ni 0.25, hiyo weka kwa 1/32. Na bei yake kwa muuza vifaa vya umeme kule soko la Kenya, ile komini ya hapa Lushi, ni kitu kidogo sana, unakatiwa metre moja hata nusu, unalipa unaenda.

Shaba ya kebo laini imeshapitishwa kwa moto kiwandani kwa hiyo ni laini, unaikunja kwa kijiti cha kiberiti na inabaki vile umeikunja. Ukiinyoosha usiivute na pensi, ukivuta inakuwa ngumu na inaanza kurudi nyuma kama springi. Iweke juu ya kioo, bonyeza juu yake na rula ya chuma, zungusha mbele nyuma mpaka inyooke. Kama ishakuwa ngumu pitisha mbio mbio juu ya moto wa briketi (kiberiti cha gesi), usikawie ju uzi mwembamba hivyo unaweza kuyeyuka, halafu ule weusi unaotokea unatoka na siki na chumvi kidogo.

Lakini angalia sana, na hii inaniuma kwa kweli, ju tunaishi juu ya shaba, tunaona tereni na malori yake kila siku, na bado kuna kebo zinauzwa hapa hapa ndani yake ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Niliuziwa hiyo kwa duka moja, nikakata waya 20 na kuzikunja, asubuhi saba zimekatika zenyewe kwenye kona. Kabla ya kulipa omba muuzaji akukatie ncha, kwaruza uzi mmoja na wembe: ukiona nyeupe ndani, rudisha. Ama uchome: aluminiamu inajikunja kuwa tone na kuanguka, shaba inawaka nyekundu na kubaki. Muuzaji mzuri hatakasirika, na akikasirika ushapata jibu.

Namba mbili ni waya wa risasi. Kwa mkono njo mtamu kuliko wote, sikatai. Hauna springi hata kidogo, unauweka unalala pale pale kama uzi wa mwanamke anayesuka. PlusModel ya Ucheki inauuza kwa vipimo kuanzia 0.2 na kupanda, na watu wanaotengeneza chambo cha samaki kule Bulaya wanautumia pia kwa hiyo unaweza kuupata kwa duka za uvuvi. Mbona basi namba mbili? Kwanza hapa hauko, ni mpaka umwagize mtu anayetoka Joburg ama Bulaya, na ungoje. Pili ni laini mno, ukiugusa na kidole wakati wa kupaka rangi unabonyea na kuwa bapa na hauwezi kuurudisha. Tatu ni risasi, ni sumu, unanawa mikono kila mara na hauweki mezani pa chakula wala fasi watoto wanachezea. Kwa 1/32 ambapo kila kitu kinaonekana nauchukua na furaha yote, kwa 1/48 shaba inanitosha.

Tatu ni waya wa bobinaji, ule wenye vanishi, unaopatikana kwa fundi anayerudisha moteri za pampu na za mashini ya kusaga. Nenda kwake na heshima, "papa fundi, niko na lazima ya waya mwembamba sana, si kilo", wengi watakupa mabaki ya bobini bila hata kuomba pesa nyingi. Uzuri wake ni kuwa uko mwembamba mpaka 0.1 na hiyo njo jibu kwa maketi ya 1/72, DC-3 ya Airfix ama ya Italeri, ambapo kebo laini inakuwa nene kidogo. Ubaya: mwingine unakuwa na springi kuliko shaba ya kebo, na rangi haipendi kushika juu ya vanishi, lazima upake praima (rangi ya chini) kwanza.

Moteri ya rezini (plastiki ya kumimina) iliyotengenezwa tayari, kama zile za Vector ama Quickboost, ni kitu kizuri sana na silinda zake zinapita za plastiki mbali. Lakini DC-3 inataka mbili, na bei ya mbili mara nyingi inakaribia maketi yenyewe, halafu nyingi zinakuja na pete ya waya tu (ule mviringo kwa moteri fasi waya zote zinatokea), zile waya ndogo za kwenda kwa buji unarudi kuziweka mwenyewe na shaba yako. Nunua kama moteri ya ndani ya boksi ni mbaya kabisa, si kwa sababu ya waya.

Fotodekupe, zile bamba nyembamba za shaba ya njano za Eduard na wengine, kwa mikanda ya viti na dashibodi hakuna kinachoishinda. Kwa waya za buji sipendi. Waya ni mviringo na bamba ni bapa, ukiangalia kwa upande linapotea kabisa.

Plastiki ya kuvuta kwa mshumaa ni ya bure lakini ikikunjwa inakatika, na nyuzi za meshi za nywele ziache kwa antena, fasi hiyo zinapendeza.

Pamoja na waya usisahau vitu vitatu. Drili ya mkono na biti za 0.3 mpaka 0.5, chukua za 0.3 zaidi ya moja ju zinavunjikaka hata ukiwa na mkono mwepesi. Kola ya haraka (gundi kali), lakini ile nzito kama asali, na unaiweka kwa ncha ya sindano, si kwa chupa. Na seringe mpya za famasi: sindano ya rangi ya chungwa, namba 25, tundu lake ni kama 0.26, uzi wa 0.2 unaingia vizuri kabisa. Unaikata kidogo kidogo kwa kuzungusha na tupa, na vile vipande njo vinakuwa vile vimirija vinavyotoka kwa pete kwenda kwa kila waya.

Na kama ni mara yako ya kwanza usianze na DC-3. Nunua Harvard ya 1/48, ndege iliyoruka hapa kwetu Katanga mwanzoni mwa miaka ya 1960. Iko na moteri moja tu, R-1340, silinda 9 kwa mstari mmoja, waya 18, na kapu (kifuniko cha moteri) la mbele liko wazi kwa hiyo kila waya unaoweka utaonekana. Metre moja ya kebo ya 0.75, seringe mbili, kola, biti mbili za 0.3, unaweza kuanza Jumamosi hii.