Kuingilia ya jirani au kukaa pembeni, kipi afadhali?

Juzi kijiweni hapa Mwanjelwa, baridi la Mbeya linakata masikio, ubishi ukaanza eti jirani akichinja watu wake uingie au utulie tu. Babu mmoja aliyepigana Uganda akaweka kikombe chini, "wajukuu zangu, sisi tuliingia."

Na kweli. Idi Amin, rais wa Uganda, alivamia Kagera Oktoba 1978, jeshi letu likamtimua na halikuishia mpakani, likasonga hadi Kampala ikaanguka Aprili 1979. Amin akakimbia, hiyo ndo faida na si ndogo. Ila bili yake jamani! Nyerere aliomba tufunge mikanda miezi 18, ikawa miaka, sabuni ni foleni, babu anasema kwao walifulia majani ya mpapai, halafu Uganda yenyewe haikutulia, Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, akarudi madarakani 1980 na vita vya msituni vikaanza.

Kukaa pembeni ni rahisi mfukoni. Lakini Rwanda 1994 Umoja wa Mataifa ulipunguza askari wake wakati mapanga yanatembea, ndani ya siku 100 hivi wakafa kama watu laki nane. Ukilijua hilo huwezi kusema "hayatuhusu" kirahisi.

Libya 2011 sasa, NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, walipiga kwa ndege, Gaddafi akauawa, wakasepa, nchi ikagawanyika vipande.

Mimi kuzuia mauaji ya halaiki nakubali, ila kumtoa rais kisa humpendi, hapana aisee. Babu akauliza, "na mkishamtoa, nani anabaki kulinda?" Kijiwe kizima kimya, mtu akaagiza chai nyingine.