Uzoefu wangu: Kliniki ya ngozi KCMC na mguu wa baba mdogo

Kama una ndugu mwenye uvimbe mguuni usiouma, unaotoboka vitundu na kutoa usaha wenye chembechembe, msinunue dawa nyingine yoyote mpaka akatwe kipande kidogo cha mnofu kikapimwe maabara. Kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC hapa Moshi nimewapa nyota tano kwa sababu hiyo moja: hawakumpa mgonjwa wetu dawa kabla ya kujua wanatibu nini.

Mgonjwa ni baba yangu mdogo, mkulima wa mpunga na mahindi kule Kahe. Uvimbe ulianzia kwenye unyayo, pale alipowahi kuchomwa na mwiba wa mgunga. Haukumuuma, kwa hiyo aliendelea kuingia shambani huku mguu ukinenepa mwaka hadi mwaka. Majirani walisema amekanyaga kitu alichotegewa. Duka moja la dawa lilimpa krimu ya fangasi, jingine ampiklosi, ambayo ni dawa ya bakteria, halafu ikarudi krimu ya fangasi. Kuna mahali walimpasua wakidhani ni jipu. Kidonda kikafunga, kikatoboka pembeni. Katika wote hao hakuna aliyechukua hata tone la ule usaha akaliangalia, na jambo hilo linaniuma mpaka leo, maana mzee aliuza mbuzi kulipia kubahatisha kwa watu.

Kliniki tulipokelewa na daktari wa kike, kijana. Alimwamkia, kisha akauliza, "Mzee, mguu unauma?"

"Hauumi, mwanangu. Unanielemea tu."

Akavaa glavu, akabonyeza tundu moja taratibu juu ya kipande cha shashi ya kufungia vidonda. Zikatoka chembe nyeupe zenye unjano, mfano wa chenga za mchele. Akatuita tuzione, na hapo hapo akatueleza kwa Kiswahili cha kueleweka. Ugonjwa aliokuwa akiushuku unaitwa maisetoma. Unaweza kuletwa na fangasi, unaweza kuletwa na bakteria, na kwa macho mguu ni ule ule. Chembe zingekuwa nyeusi, angefikiria fangasi moja kwa moja. Zingekuwa nyekundu, angefikiria bakteria. Hizi nyeupe zinaweza kuwa za upande wowote. Na dawa ya mmoja haifai kwa mwingine: ya fangasi haimfanyi bakteria chochote, ya bakteria haimfanyi fangasi chochote. Ikiwa ni fangasi, mgonjwa anameza itrakonazo kwa miezi mingi na mara nyingi anahitaji upasuaji pia. Ikiwa ni bakteria, mara nyingi dawa zinatosha bila kisu. Fikiria tofauti hiyo kwa mtu anayeishi kwa jembe.

Alipigwa eksirei kuona kama mfupa umeliwa. Kisha, kwa ganzi, wakakata mnofu wa ndani. Niliuliza kwa nini wasipime ule usaha wa juu, yasimkute ya kisu tena. Jibu lilikuwa zuri: kwenye tundu lililo wazi huingia bakteria wengine wapita njia, ukiwaotesha hao utatibu wasiohusika. Mnofu waliugawa. Kipande kimoja kiliingia kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi mnofu usioze, kwa ajili ya hadubini, kingine kwenye maji safi ya chumvi kwa ajili ya kuotesha, kwa sababu fomalini huua vimelea na kilichokufa hakioti.

Kusubiri ndiko kugumu. Vimelea hivi huota polepole, ni suala la wiki, na baba mdogo aliomba apewe "hata kidonge cha kushikia". Daktari akamkatalia kwa upole, akamfundisha kusafisha na kufunga kidonda. Nilimheshimu sana kwa hilo, maana kumridhisha mgonjwa kwa kidonge ni rahisi.

Majibu ya hadubini yalitangulia: nyuzi nyembamba mno, nyembamba kuliko za fangasi. Bakteria. Zile krimu zote za fangasi hazikuwa na kazi pale.

Matibabu ni ya awamu, na dawa zote mbili ni za bakteria: vidonge vya septrini kwa wiki tano, na ndani yake wiki tatu za sindano za amikasini, kisha wanampima upya kabla ya awamu nyingine. Amikasini inaweza kudhuru figo na masikio, kwa hiyo kabla ya sindano ya kwanza walimpima damu kuangalia figo, wakampima na usikivu, na wanarudia. Tafadhali usisome hapa ukakimbilia kununua septrini. Uvimbe kama huu ukiwa wa fangasi, utameza mpaka uchoke na mfupa unaliwa. Sindano zenyewe tulizitafuta maduka kadhaa mjini kabla ya kuzipata, kwa hiyo jiandaeni kwa hilo na kwa nauli.

Kwa wasiowajua, hapo KCMC kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na wengi wanakifahamu kwa mafuta ya kukinga jua ya watu wenye ualbino. Maisetoma yenyewe Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2016 tu.

Na kubahatisha hakuko kwenye miguu peke yake. Mwaka 2007 hadi 2008, hapo KCMC na hospitali ya Mawenzi, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Zaidi ya asilimia 60 waliandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli ni asilimia 1.6. Wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria, yakiwemo yanayotoka kwa mifugo na panya, kama bruselosisi na leptospirosisi. Ninaposikia mtu anasema vipimo ni kupoteza hela, nakumbuka namba hizo.

Mkienda, bebeni maboksi ya dawa zote alizowahi kutumia, hata yaliyochakaa, na msimpake kitu asubuhi hiyo. Baba mdogo yuko kwenye awamu nyingine sasa. Vitundu vimefunga isipokuwa kimoja karibu na kisigino, viatu vya mpira vya shambani vinamwingia, na eksirei itarudiwa kabla daktari hajaamua kama dawa zisimame.