Pampu ya ngamani kwenye mashua yangu Lamu: ile namba 1100 ina maana gani ukiwa majini

Mashua yangu ni ya mbao, ina mashine ya kufunga tezini, yaani nyuma, na kazi yake ni kuvusha watu na mizigo kati ya Mokowe, Mji wa Lamu na Shela. Bahari ikitulia huenda hadi Pate. Mbao haikosi kuvuja: hata mafundi wa Matondoni wakiitia kalafati, pamba ya kuziba nyufa, barabara, maji hupenya kidogo kidogo, na kusi likishika, mawimbi ya nje ya Shela huongeza yao. Yote hayo hutuama ngamani, chini kabisa ndani ya mashua, na tulikuwa tukiyafua kwa upo, chombo cha kuchotea maji kwa mkono. Sasa nina pampu ya umeme ya volti 12, aina ya kuzama, iliyoandikwa 1100 ubavuni. Imeshapita msimu mzima wa kusi, na ninaipenda. Ila kuna mambo ambayo anayetaka kununua ayajue kabla hajatoa pesa.

Nianze na hiyo namba, maana ndiyo inayouza pampu dukani. Ni galoni 1100 za Kimarekani kwa saa, karibu lita 4,160. Lakini hupimwa maji yakiwa hayapandi popote, tena kwa umeme wa volti 13.6, yaani betri ikiwa inachajiwa. Mashuani maji lazima yatoke ngamani yapande mpaka ubavuni, kwangu ni kama mita moja, na kila yanapopanda pampu inapungukiwa nguvu. Nikachukua ndoo ya lita 20 na saa ya simu nikapima. Kwa ule mpira wa mikunjo niliouziwa pamoja na pampu, ndoo ilijaa kwa sekunde 36. Nikauondoa nikaweka mpira ulio laini ndani, wa upana uleule: sekunde 28. Hesabu yake ni lita 2,570 hivi kwa saa. Pampu haikubadilika, betri haikubadilika, umebadilika mpira tu. Kama pesa zako hazitoshi kununua pampu kubwa zaidi, zipeleke kwenye mpira.

Na ujue hizo lita 2,570 zinakufikisha wapi. Tundu la upana wa inchi moja, likiwa sentimita 30 chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 40 kwa dakika. Pampu yangu inatoa kama lita 43. Kwa hiyo inaweza kunipa muda wa kuziba tundu au kukimbilia ufukoni, basi. Anayemwambia mteja kwamba kwa pampu ya aina hii mashua haizami anamdanganya, na roho za abiria si kitu cha kudanganyiana.

Ndani yake mna impela, kigurudumu chenye mapanga kinachozunguka kwa kasi na kuyatupa maji pembeni, nayo yanatokea kwenye mdomo wa mpira. Haiwezi kuvuta maji yaliyo mbali, wala haiwezi kusukuma hewa. Ndiyo maana hukaa mahali pa chini kabisa pa ngama, na mpira upande moja kwa moja bila kulegea. Ukiacha tumbo katikati ya mpira, maji hutuama pale, hewa inanaswa nyuma yake, na utasikia pampu inavuma huku nje hakitoki kitu. Mdomo wa kutolea maji nao upimwe mashua ikiwa imepakia. Ikiwa tupu tundu linaonekana liko juu sana, lakini wakikaa watu tezini na magunia yao, huenda likazama, na pampu ikizimwa maji ya bahari yakarudi ndani kwa mpira uleule.

Fundi aliyenifungia alitaka kuweka vali ya kuzuia maji yasirudi, kwa sababu pampu ikizimwa yale yaliyobaki mpirani hushuka ngamani. Nilikataa. Vali inapunguza mwendo wa maji, na uchafu kidogo tu ukikwama pale, imeziba. Na ngama ya mashua ya mbao haikosi uchafu. Nikifungua kichujio huwa nakuta nyuzi za pamba ya kalafati, magamba ya samaki na mchanga, na safari moja uzi wa mshipi ulikuwa umejisokota kwenye impela mpaka umebana kabisa. Kukifungua ni kubonyeza vishikio viwili na kuinua, kazi ya dakika moja. Vishikio vyenyewe ni vya plastiki na naviona vyembamba, navibonyeza kwa uangalifu.

Floti, swichi inayoelea na kuwasha pampu maji yakipanda, nimeiunganisha moja kwa moja na betri, kwa fyuzi yake, ili hata nikizima umeme wote usiku mashua ikiwa nangani, maji yakipanda pampu ijiwashe. Inakula kama ampia 3 hadi 4, na kwa kuwa hufanya kazi muda mfupi, asubuhi nakuta betri ina nguvu. Maungio ya waya yawe juu, mbali na maji. Shaba ikionja chumvi hufanya kutu ya kijani, umeme unafika umepungua, na pampu inazunguka kivivu. Petroli ikimwagika ngamani, naondoa fyuzi kwanza, naifyonza kwa matambara. Ile si ya kutupwa mkondoni penye mikoko na nyavu za watu.

Ami yangu, nahodha wa miaka mingi, aliitazama ikitupa maji, akaniuliza neno moja tu: "Na betri ikifa?" Upo bado uko chini ya ubao wa nyuma, umefungwa kwa kamba, na baharia wangu anajua ulipo hata gizani.

Kwa mashua ndogo kama yangu, 1100 inatosha kwa maji ya kila siku, na ningeinunua tena. Mwenye jahazi au mashine ya ndani aanzie 2000. Mimi nitaongeza ya pili, yenye floti iliyo juu kidogo ya hii, ili ya kwanza ikizidiwa au ikiziba, ya pili ianze, na nyaya zake zitatoka kwenye betri nyingine.